Vigae vya udongo vya mapambo vya kutengeneza nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu vigae vya ukutani vinavyotengenezwa kwa mkono, bila mashine. Mfano wetu ni kigae ambacho kikishachomwa kina sentimita 15 kwa 15 na unene wa karibu sentimita 1.

Nianze na udongo gani?

Anza na udongo mwekundu unaofinyangiwa vyungu katika eneo lako, kwa sababu tayari yupo mtu anayejua unavyokauka na unavyovumilia moto. Muulize mfinyanzi anachimba wapi na anachanganya na nini. Ukiupata, viringisha kamba nene kama penseli na uizungushe kwenye kidole. Ikikatika mapema, udongo una mchanga mwingi. Ikizunguka bila ufa, unafaa. Ikinata mikononi kama ulimbo, unafaa pia, ila utanywea sana ukikauka.

Udongo mzuri wa chungu hautoshi peke yake kwa kigae. Chungu ni mviringo, na mviringo hujishikilia wenyewe. Kitu bapa hakina cha kukishikilia. Kwa hiyo ongeza chenga: vipande vya vyungu vilivyovunjika, vitwangwe kwenye kinu kisha vichekechwe kwa wavu wa mbu. Changanya sehemu 4 za udongo kwa sehemu 1 ya chenga. Chenga zimeshapita motoni, hazinywei tena, na zinafungua njia ndogondogo za maji kutokea. Ukikosa chenga, tumia mchanga laini wa mto. Unapotwanga, lowesha kidogo na ufunge kitambaa puani, maana vumbi hili likizoeleka linaharibu mapafu.

Niko pwani. Udongo wa huku unafaa?

Unafaa, lakini kuna maadui wawili: chokaa na chumvi.

Chokaa hutoka kwenye matumbawe na vipande vya kombe. Chembe ndogo kama punje ya mtama ikichomwa hugeuka chokaa hai. Kigae kitatoka motoni kizima kabisa, kisha baada ya siku kadhaa chembe ile inanyonya unyevu wa hewa, inavimba, na kurusha kipande cha uso. Utaona shimo dogo lenye doa jeupe chini yake. Kabla hujafinyanga chochote, dondoshea udongo mkavu siki au maji ya ndimu. Ukitoa povu, una chokaa. Uloweke, uukoroge uwe uji, uuchuje kwa wavu mwembamba zaidi ya ule wa mbu, kisha uuache utuame. Mchanga wa ufukweni usiutumie hata kidogo. Kama vigae vimeshachomwa na unashuku vina chokaa, vitumbukize vyote kwenye maji mara tu vinapopoa. Chokaa iliyotapakaa kwa chembe ndogo italainika bila kurusha uso.

Chumvi huonekana kama ukungu mweupe juu ya kigae kilichokauka. Dawa yake ni kuosha udongo: loweka kwa maji ya kisima yasiyo ya chumvi, acha utuame, mwaga maji ya juu, rudia mara 3 au 4.

Mita 1 ya mraba inahitaji udongo kiasi gani?

Vigae 42 vya sentimita 15, ukiacha nafasi ya milimita 4 au 5 kati yao. Tengeneza 55, kwa sababu vingine vitapinda, vitapasuka au havitapendeza. Kigae kimoja kibichi kina kama gramu 530, kwa hiyo 55 ni karibu kilo 29. Andaa kilo 40, maana masalia ya ukataji hurudi kwenye ndoo na kukandwa tena.

Nilikata sentimita 15, mbona kimetoka 13 na nusu?

Udongo umenywea asilimia 10, na hilo ni jambo la kawaida. Sehemu kubwa hupotea wakati wa kukauka, iliyobaki motoni. Kila udongo una kiwango chake, kwa hiyo pima wa kwako. Tengeneza kipande chenye urefu kama rula, kwaruza juu yake mstari wa milimita 100 kamili, kikaushe na ukichome pamoja na kazi nyingine, kisha upime tena. Mstari ukibaki milimita 90, udongo wako unanywea asilimia 10. Gawa kipimo unachokitaka kwa 0.9: sentimita 15 gawa kwa 0.9 ni 16.7. Hicho ndicho kipimo cha kukatia. Ukibadilisha udongo au kiasi cha chenga, pima upya.

Nahitaji vifaa gani?

Mti wa kusukumia chapati au chupa iliyonyooka, fito mbili za mbao zenye unene wa milimita 10, kitambaa cha turubai, waya mwembamba, kisu chembamba, sponji, rula, kiolezo cha plaiwudi cha sentimita 16.7, magazeti, na mbao bapa za kukaushia. Vipande vya bao la jipsamu ni vizuri kuliko vyote kwa kukaushia kwa sababu vinanyonya maji kwa usawa, ila ziba kingo zake kwa gundi ya karatasi ili unga usiingie kwenye udongo. Punje ya jipsamu ndani ya kigae hurusha uso kama inavyofanya chokaa.

Nisukume na kukata vipi?

Kanda bonge kama unavyokanda unga mgumu wa chapati, mara 40 hivi, kisha likate katikati kwa waya na uangalie uso uliokatwa. Ukiona vitundu au mistari ya rangi mbili, endelea kukanda. Lipige kwa kiganja hadi liwe bapa lenye unene wa sentimita 3, liweke juu ya turubai kati ya zile fito mbili, halafu sukuma kutoka katikati kwenda nje.

Kila baada ya kusukuma mara 3 au 4, banua bapa kutoka kwenye turubai, ligeuze juu chini, na ulizungushe robo. Ukisukuma upande mmoja tu, udongo unavutika kuelekea huko, na ukikauka unarudi nyuma: kigae cha mraba kinakuwa mstatili. Mti ukishagusa fito pande zote, chukua rula ya plastiki, ilaze kidogo, na uipitishe juu ya uso kwa kubonyeza, huku na huku, kisha geuza ufanye hivyohivyo upande wa pili. Uso ulioshindiliwa pande zote mbili haupasuki ovyo.

Usikate hapo hapo. Subiri saa 1 hadi 3, mpaka udongo usinate kidoleni. Weka kiolezo juu, simamisha kisu wima, anzia kona moja hadi katikati ya upande, kisha toa kisu uanzie kona ya pili kurudi katikati. Kisu kinachoburutwa hadi kwenye kona huivuta, na kona iliyovutwa ndiyo ya kwanza kuinuka.

Na usikinyanyue kigae kibichi kwa kushika ukingo. Weka ubao juu yake, kibane kati ya mbao mbili, geuza vyote pamoja. Udongo una kumbukumbu: ukipinda mkononi, hata ukiunyoosha ukaonekana sawa, ule mkunjo utarudi wakati wa kukauka au ndani ya moto.

Kwa nini vigae vyangu vinapinda?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo tunaloomba kila anayeanza alielewe kabla ya kufikiria nakshi na rangi. Kigae hupinda kwa sababu upande mmoja umekauka kabla ya mwingine. Upande unaokauka kwanza hunywea kwanza, na unaponywea huvuta mwenzake. Kona zikiinuka juu, uso wa juu ulitangulia kukauka. Katikati pakivimba na kona zikishuka, chini ndiko kulikotangulia. Kona zenyewe zina taabu zaidi kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa hewa inazifikia kutoka pande nyingi.

Basi kazi yote ni kukausha polepole na kwa usawa. Panga hivi: ubao, gazeti, vigae, gazeti, ubao, na juu yake safu nyingine ya vigae, hadi safu 4 au 5. Siku mbili za kwanza funika rundo lote kwa nailoni. Badilisha magazeti kila siku na ugeuze vigae. Siku ya tatu toa nailoni, ila zungushia ukanda wake kwenye kingo. Rundo likae kivulini, mbali na dirisha na feni. Upepo wa upande mmoja unapinda vigae kuliko jua.

Uzito wa mbao zenyewe unatosha. Wengi huongeza matofali wakidhani watakomesha mpindo, lakini kigae kinaponywea lazima kiteleze juu ya gazeti. Kikibanwa kisiweze kuteleza, kitapasuka katikati.

Ukigundua mpindo mapema, kigae kikiwa bado na unyevu, kigeuze ili upande uliovimba uwe juu, uache huo ukauke huku upande wa pili umefunikwa. Kitanyooka chenyewe kwa siku moja au mbili. Kikishakauka kabisa usijaribu kukibonyeza. Kivunje, kirudishe kwenye ndoo.

Vikauke siku ngapi?

Bara penye hewa kavu, siku 6 hadi 8. Pwani, au wakati wa masika popote, wiki mbili. Usihesabu siku peke yake. Weka kigae shavuni: kikiwa cha baridi kuliko hewa ya chumbani, bado kina maji. Rangi pia hubadilika, inapauka, na kona hupauka kabla ya katikati.

Mgongo nikwaruze?

Ndiyo, kigae kikiwa nusu mkavu, yaani ukikibonyeza kwa kidole gumba kinabakisha alama hafifu. Chora mistari ya kupishana, kina cha milimita 2, na uache sentimita 1 na nusu pembeni bila kukwaruza. Saruji itashika vizuri zaidi. Ni wakati huohuo pia wa kulainisha kingo kwa sponji yenye unyevu. Usisubiri kikauke ukasugue kwa msasa, kwa ajili ya vumbi lilelile.

Nakshi gani zinafaa, na naziwekaje?

Zinazofaa ni zile zinazoendelea kutoka kigae hadi kigae. Milango ya kuchonga ya Lamu na Unguja ni shule nzuri: mnyororo unaozunguka fremu, yungiyungi, samaki, mtende. Chora pambo moja kwenye karatasi ya vigae vinne kwa pamoja, uone mistari inakutana wapi, kisha ukate. Kupamba kuta za chokaa kwa vyombo vilivyochomwa si jambo geni pwani. Makaburi ya kale ya Mambrui na Kunduchi yalipachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina.

Njia nyepesi ni muhuri. Chonga kipande cha mbao au kifuu, au tengeneza muhuri wa udongo na uuchome, kisha ugonge juu ya bapa kabla ya kukata. Ukigonga baada ya kukata, kingo zitatanuka. Muhuri ukinata, upake unga kidogo wa mahindi. Utaungua wote motoni.

Kuchonga kunafanyika kigae kikiwa nusu kikavu. Tumia unene wa milimita 12 badala ya 10, na usishuke zaidi ya milimita 3. Ukichimba zaidi unapata sehemu nyembamba na nene ndani ya kigae kimoja, na zitakauka kwa mwendo tofauti.

Ukitaka vigae 50 vinavyofanana, tengeneza kalibu ya plasta ya jipsamu. Chonga kigae kimoja cha mfano, hakikisha kuta za nakshi zimelala kidogo kwa nje, kizungushie fremu ya mbao iliyopakwa sabuni. Pima kilo 1.4 za plasta kwa lita 1 ya maji. Nyunyiza plasta ndani ya maji, usimwage maji juu ya plasta. Acha dakika 1 au 2 ilowe, koroga polepole bila kuingiza hewa, mimina. Itapata joto ikishika, na baada ya nusu saa utaweza kuibandua. Iache ikauke wiki nzima kabla ya kuitumia, la sivyo udongo utaganda ndani. Unapojaza, bonyeza kuanzia katikati kwenda kwenye kona. Kigae hujiachia chenyewe baada ya dakika 20 hadi 40, kalibu ikishanyonya maji.

Naweza kupata rangi bila glezi (upako wa kioo unaoyeyushwa motoni)?

Unaweza, na kwa macho yetu ndiyo rangi nzuri kuliko zote kwa ukuta wa nyumba. Tengeneza uji mzito kama maziwa ya mgando mepesi kutoka udongo uleule uliochujwa. Kwa nyekundu iliyokolea ongeza kutu ya chuma gramu 5 hadi 10 kwa kila gramu 100 za udongo mkavu. Kwa nyeupe tumia kaolini, yaani udongo mweupe laini. Milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam inajulikana kwa kaolini yake. Kaolini peke yake hunywea tofauti na udongo mwekundu na inaweza kubanduka kama maganda, kwa hiyo ichanganye na udongo wako unaopauka kuliko yote, nusu kwa nusu, kisha jaribu vipande viwili vitatu.

Paka kigae kikiwa nusu kikavu, mara 2 au 3 kwa brashi laini. Maji ya kung'aa yakipotea juu ya uso, sugua kwa kokoto laini ya mtoni kwa miduara midogo. Utaona uso unabadilika taratibu kutoka vumbi hadi mng'ao kama wa ganda la embe. Mng'ao huo hudumu kama moto hauzidi sana nyuzi 900. Ukizidi hapo unafifia.

Oveni ya jikoni inatosha?

Haitoshi. Oveni ya nyumbani hufika nyuzi 250 za Selsiasi, na udongo hubadilika kuwa kigae cha kweli ukipita nyuzi 600. Kilichotoka kwenye oveni, ukikiweka kwenye ndoo ya maji, kinarudi kuwa tope. Oveni inafaa kumalizia kukausha tu: nyuzi 80, mlango wazi kidogo, saa 3 au 4.

Nachomaje kwa kuni?

Chagua siku isiyo na upepo wala mvua, angalau mita 10 kutoka kwenye paa la makuti, na ndoo za maji karibu. Kwa vigae 20:

1. Washa moto mdogo, panga vigae kuuzunguka kwa umbali wa nusu mita, uvigeuze kila mara kwa saa 2. Mvuke ukikoma na vigae vikawa moto usioshikika, endelea.
2. Tandaza matofali au mawe makavu, juu yake kuni. Simamisha vigae kwa ukingo, kimoja kimoja, nafasi ya kidole kati yao. Vikilazwa bapa, chini huungua kabla ya juu na vinapasuka.
3. Vifunike kwa vipande vya vyungu ili ulimi wa moto usiviguse moja kwa moja, kisha kuni, vifuu au samadi kavu ya ng'ombe, na mwisho tabaka la pumba za mpunga, zinazoungua polepole.
4. Kukiwa na upepo hafifu, washa kutoka upande unakokwenda, ili moto utembee taratibu. Lenga kuona vigae vyekundu kama cheri katikati ya rundo. Hapo ni nyuzi 750 hadi 800.
5. Acha vipoe ndani ya majivu usiku kucha.

Madoa meusi yatakuwepo pale moshi ulipokosa hewa. Hayapunguzi uimara.

Na tanuri la umeme?

Kaa nyuzi 90 kwa saa 4, kifuniko wazi kidogo. Panda nyuzi 60 kwa saa hadi 200, nyuzi 100 kwa saa hadi 650, kisha 150 kwa saa hadi 1000, na ukae hapo dakika 15. Jumla ni kama saa 13. Usifungue hadi chini ya nyuzi 100. Ukipita nyuzi 573, kupanda na kushuka, chembe za mchanga ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, na hewa baridi wakati huo inakata kigae.

Nitajuaje kilichopasua kigae?

Soma ufa. Kilicholipuka vipandevipande mwanzoni mwa moto kililipuliwa na maji. Wengi husema ni hewa iliyobaki ndani, lakini kigae kikavu chenye vitundu huchomeka bila shida, na kigae chenye unyevu hulipuka hata kisipokuwa na kitundu. Ufa ulio mpana ukingoni na unaoishia katikati, wenye kingo za kukwaruza, ni wa kukauka. Ufa mwembamba wenye kingo kali, uliokatiza kigae kizima, ni wa kupoa haraka. Kigae kizima ukikigonga kwa kucha hulia kama kengele ndogo, na chenye ufa uliojificha hutoa sauti butu.

Glezi je?

Nunua iliyotengenezwa tayari na iliyoandikwa kuwa haina risasi, ya nyuzi 1000 hadi 1060. Choma kigae kwanza bila glezi, kipake, futa mgongo na milimita 2 za chini ya kingo ili kisigande kwenye tanuri, kisha choma tena. Nyufa nyembamba kama utando ndani ya glezi maana yake glezi inanywea kuliko udongo wako. Badilisha glezi au ongeza nyuzi 20 kwenye mchomo wa kwanza.

Naweza kuviweka bafuni au sakafuni?

Pima kwanza unywaji wa maji. Pima kigae kikavu, kiloweke saa 24, kifute, pima tena. Kikitoka gramu 400 kikawa 456, kimekunywa gramu 56, yaani asilimia 14. Zaidi ya asilimia 10 ni kigae cha ukutani tu: sebule, baraza, ngazi kwa mbele, ukuta wa jikoni mbali na jiko. Kwenye sakafu inayokanyagwa vitalika. Ukuta wa nje wa Afrika Mashariki hauna tatizo, ila kwa anayeishi kwenye baridi ya Ulaya au Amerika ya Kaskazini, maji yaliyoingia ndani yakiganda yatavipasua.

Navibandika vipi?

Vipange vyote chini sakafuni kwanza, vinene pamoja, vyembamba pamoja. Vigae visivyo na glezi vipake dawa ya kuzuia maji usoni kabla ya grauti (saruji laini ya kujaza nafasi kati ya vigae), kwa sababu grauti ikiingia kwenye vitundu haitoki tena. Mgongo usiupake. Kama unatumia saruji na mchanga, 1 kwa 4, loweka vigae dakika 10 hadi 15 mpaka povu likome, visimamishe vichuje, ubandike maji ya juu yakishapotea. Kigae kikavu hunyonya maji ya saruji kabla haijashika, na baada ya miezi michache kinadondoka chenyewe. Acha nafasi ya milimita 4 au 5, kwani vya mkono havilingani kabisa, na anzia mstari uliopimwa kwa pima maji, si sakafu.

Nifanye nini na vilivyoharibika?

Visivyochomwa: vikaushe kabisa, vivunje, vimwagie maji. Udongo mkavu kabisa unalainika kwa saa chache, ule wenye unyevunyevu unagoma. Vilivyochomwa: kwenye kinu, viwe chenga za kundi linalofuata.